Mita mia mbili za mwisho: malori ya korosho na gari la zimamoto

Msimu mmoja nilikuwa karani wa ghala hapa Mtwara, kazi yangu ikiwa kuhesabu magunia ya korosho yanayoshushwa na yanayopakiwa. Siku hiyo, kama saa nane mchana, fundi alikuwa juu ya paa anachomelea kipande cha chuma kilicholegea. Cheche zikadondokea kwenye lundo la magunia matupu karibu na ukuta wa nyuma. Fundi alimaliza, akashuka, akakusanya vifaa vyake, akalipwa. Moshi tuliuona baada ya hapo, mwembamba, ukipanda ukutani kama wa jiko linaloanza kuwashwa.

Mtu akapiga 114. Gari la zimamoto lilitoka upesi. King'ora tulikisikia likiwa bado mbali, na makuli wengine wakaanza kupiga makofi. Kisha sauti ikaganda mahali pamoja. King'ora kiliendelea kulia, lakini hakikusogea.

Nikakimbia getini. Barabara ya kuingilia ilikuwa na malori pande zote mbili, na lori la tatu lilikuwa limejipenyeza katikati likisubiri mzani. Nyuma yake ndipo lilipokwama gari jekundu. Tingo wa lori la katikati alisimama mikono kichwani. "Dereva kaenda kula, kaka, na ufunguo kaondoka nao." Vijana kama kumi na watano wakaliegemea kulisukuma. Halikutikisika hata kidogo, na sababu yake nitaieleza, maana wengi hawaijui.

Askari wakashusha mipira yao ya maji, wakaiunga kipande kwa kipande, wakaiburuta kwa mikono hadi nyuma ya ghala. Moto ulizimwa na hakuna aliyeumia, ila magunia mengi yaliyoungua yangeweza kupona. Wenzangu walisema ajali haina kinga. Kwa ile cheche, sawa. Lakini lile lori lilikuwa na kinga, nyingi tu, na hakuna hata moja tuliyokuwa tumeitumia. Gari lilikuja safari nzima bila shida likashindwa mita mia mbili za mwisho. Tangu hapo naamini mpango wa maegesho ni kifaa cha kuzimia moto sawa na mtungi unaoning'inia ukutani, na anayepanga malori getini ni mzimamoto wa kwanza, hata kama hajaambiwa.

Foleni inatoka wapi

Ni rahisi kuwalaumu madereva. Mtu akipita na bajaji akaona semi zimejazana anasema hawa watu hawana adabu ya barabara. Ukweli ni kwamba foleni inazaliwa na namna korosho inavyouzwa.

Tangu 2007 korosho zetu huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima wa Tandahimba au Nanyumbu anapeleka mzigo wake kwenye AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kijijini. AMCOS inakusanya, inapakia lori, na lori linakwenda ghala kuu. Hapo korosho hupimwa unyevu na ubora, hupimwa uzito, hushushwa, ndipo stakabadhi huandikwa. Halafu unakuja mnada. Mnunuzi akishalipa, naye analeta malori yake kuzichukua, nyingi zikielekea bandarini. Geti moja, basi, linapokea mito miwili: malori yaliyojaa yanayoingia na malori matupu yanayokuja kujaa. Yote hayo yanabanana kuanzia Oktoba mpaka mwaka mpya unapoingia.

Ghala likijaa kabla mnada haujatoa mzigo, lori halina pa kushusha. Linageuka kuwa ghala lenye magurudumu, linakaa siku mbili au tatu pembeni ya barabara na tani zake juu. Waliokuwa huku Novemba 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho zote na malori ya jeshi yakaingia kazini, wanakumbuka jinsi maghala yanavyoweza kufurika.

Sasa jiweke kwenye kiti cha dereva. Zamu yako ni pale ulipopaki. Ukisogea kupisha njia, mwingine anaingia, na wewe unaanza upya mkiani. Kwa hiyo unabana, unajipenyeza, unalala hapo hapo. Dereva analinda mkate wake. Zamu inapolindwa kwa kusimama barabarani, hakuna bango la "usiegeshe hapa" litakalomwondoa mtu. Dawa ni kuitenganisha zamu na mahali: lori likifika lipewe namba kwenye karatasi, likae uwanja ulio mbali na geti, liitwe kwa simu zamu yake ikifika. Namba ikiheshimiwa, dereva hana sababu ya kubana geti. Ikivunjwa mara moja tu kwa sababu fulani anamjua bosi, kesho asubuhi barabara imejaa tena.

Hesabu ya tepu

Chukua barabara ya mita saba, ambayo kwa njia za kwenye maghala yetu ni pana ya kutosha. Lori lina upana wa kama mita mbili na nusu. Paki lori kila upande, mita tano zimekwenda, zimebaki mbili. Gari la zimamoto nalo ni kama mita mbili na nusu kabla hujahesabu vioo vya pembeni. Hapo haliingii, hata dereva wake awe hodari namna gani.

Paki upande mmoja tu, zinabaki mita nne na nusu. Gari linapita. Wengi wakifika hapa wanaridhika, na hapa ndipo pa kusimama tufikiri vizuri, kwa sababu kupita na kufanya kazi ni mambo mawili. Gari la zimamoto likisimama, ubavu wake unafunguliwa: milango ya makabati inapanda, mipira inavutwa, watu wanazunguka kulia na kushoto. Likisimama kwenye nafasi ya mita nne na nusu limeziba njia. Ambulensi haipiti, wala gari la pili la maji. Ndiyo maana miongozo ya nchi mbalimbali inatofautiana. Ule wa majengo wa Uingereza unataka njia ya angalau mita 3.7, na getini mita 3.1, yaani gari lipite. Kanuni za moto zinazotumika sehemu nyingi za Marekani zinataka kama mita 6, na uwazi wa juu wa kama mita 4.1, yaani gari lifanye kazi na jingine lipite. Kwa ghala lenye mzigo unaoungua kwa saa nyingi, mimi nashika ile mita sita.

Kwa nini magari yapishane? Kwa sababu ya maji. Tuseme gari limebeba lita 5,000, na mpira mmoja unatoa lita 500 kwa dakika. Baada ya dakika kumi limekauka. Lazima litoke likajaze, na lingine liingie mahali pake. Kama njia ya kuingia ndiyo ya kutokea na imejaa malori, kila safari ya maji inageuka kuwa vita vya kurudi nyuma. Njia bora inazunguka ghala: gari linaingia geti hili, linatokea lile. Pasipowezekana kuzunguka, mwisho wa njia uwe na mahali pa kugeuzia. Waingereza hawataki gari lirudi nyuma zaidi ya mita 20, na ukimwona dereva wa gari la zimamoto akirudi nyuma kwenye moshi, utaelewa mara moja.

Mipira ya kuburuta kwa mikono haimalizi shida hii. Kipande kimoja huwa na urefu wa mita 20 au 25, kwa hiyo mita mia mbili zinataka vipande vinane hadi kumi. Kila kipande kinachoongezwa kinakula nguvu ya maji, kwa sababu maji yanasugua ndani ya mpira njia nzima. Kule nyuma ya ghala letu maji yalifika yamechoka.

Sasa lile lori lililogoma kusukumwa. Malori makubwa yanatumia breki za upepo, na breki za kuegeshea zimetengenezwa kwa usalama wa mlimani: ndani kuna springi nzito inayokaza gurudumu muda wote, na upepo ndio unaoizuia isikaze. Dereva akivuta breki, au upepo ukivuja wenyewe, springi inashika. Lori lililopoa siku mbili mara nyingi upepo wake umepungua, na hata ufunguo ukipatikana, injini inabidi iunguruke dakika kadhaa ijaze mitungi ya upepo ndipo magurudumu yaachie. Watu kumi na watano hawaliwezi, wala watu hamsini. Kwa hiyo ule msemo wa "likitokea la kutokea tutalisukuma" ufutwe kabisa. Lori lililo kwenye njia ya zimamoto bila dereva na bila ufunguo ni ukuta.

Kitu kingine cha huku kwetu ni mchanga. Mbele ya ghala pana zege au kifusi kilichoshindiliwa. Nyuma pana mchanga mlaini, mwembe mmoja, na pengine mtaro. Kwenye mchoro inaonekana gari linaweza kuzunguka. Gari lililobeba maji lina tani kumi na zaidi, na likikanyaga mchanga ule linazama mpaka kwenye ekseli. Masika yakianza ndiyo zaidi. Mwenye ghala anayetaka kutumia fedha vizuri, kabla hajanunua mtungi wa ishirini, amwage kifusi nyuma ya ghala akishindilie.

Kinachoungua si kuni

Gunia la juti halilipuki. Linafukuta. Moto unaingia ndani ya lundo na kutulia humo, nje unaona gunia zima, ndani ni kaa. Ndiyo maana tulichelewa kuuona. Na ndiyo maana moto wa magunia haumalizwi kwa kumwagia juu. Lundo lazima livunjwe, magunia yatolewe nje moja moja na kuloweshwa. Kazi hiyo inataka uwanja mtupu karibu na mlango. Kama uwanja huo ndio maegesho, magunia yanayofukuta yatapelekwa wapi?

Viwanda vya kubangua vina jambo lao. Ganda la korosho lina mafuta makali, takribani robo ya uzito wake, yale yale yanayobabua vidole vya wabanguaji. Maganda ni kuni nzuri mno, na viwanda vingi huyachoma kwenye boila. Kwa hiyo karibu na boila hukaa mlima wa maganda, na mara nyingi mlima huo huwekwa kwenye ukuta wa nyuma, mahali ambapo hakuna gari linalofika. Ukishika moto, moshi wake unachoma macho na koo.

Halafu kuna salfa. Mkulima wa korosho anaipulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe, na mifuko ya salfa hujaa stoo kabla ya msimu wa maua. Ikiungua inatoa mwali wa bluu hafifu ambao mchana wa jua huenda usiuone, na gesi yake, ikigusa unyevu wa macho na mapafu, inageuka tindikali. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujaa mabondeni na kwenye mitaro. Vumbi la salfa likitimka hewani linaweza kulipuka, kwa hiyo askari hawalipigi kwa maji ya kasi, wanatumia manyunyu. Ina maana gari lao haliwezi kusimama mbali likarusha maji kwa nguvu. Linapaswa kufika karibu, upande ambao upepo unatokea, na watu wavae vifaa vya kupumulia. Nafasi, tena.

Hapo kwenye upepo pana kosa ambalo nimeliona zaidi ya mara moja. Kibao cha kijani cha mahali pa kukusanyikia hupigiliwa mara moja na kusahaulika. Lakini salfa hujaa stoo wakati wa kusi, upepo unaotoka kusini, na korosho hujaa ghalani tunapoelekea kaskazi, upepo unaotoka kaskazini. Kibao kilichowekwa upande wa kaskazini kinawafaa watu wa Desemba, wa Julai kinawapeleka moja kwa moja kwenye gesi. Ghala linalohifadhi vitu vyote viwili linahitaji sehemu mbili za kukusanyikia, na kila mfanyakazi ajue leo tunakwenda ipi. Na zote mbili zisiwe kwenye uwanja wa malori, maana huko ndiko gari la zimamoto litakakokuja kwa kasi.

Moto mwingine unaanzia nje kabisa, kwenye foleni yenyewe. Dereva aliyelala siku mbili barabarani lazima ale. Tingo anawasha jiko la mkaa kwenye kivuli cha tela, chini ya tani za korosho zilizo ndani ya juti, hatua mbili kutoka tangi la dizeli. Mama lishe naye amesogeza meza yake karibu na wateja. Kuwafukuza hakusaidii, jioni watarudi kwa sababu njaa imerudi. Uwanja wa kusubiria ukiwa na banda la kupikia, maji na choo, watu wenyewe watahamia huko.

Milango na minyororo

Kwenye viwanda vya kubangua wafanyakazi wengi ni akina mama. Korosho iliyobanguliwa ni fedha mkononi, na mwenye kiwanda anaogopa isitoke na mtu. Kwa hiyo mlango mmoja unaachwa wazi wenye mkaguzi, mingine inafungwa. Naielewa hofu hiyo. Lakini tarehe 25 Machi 1911, jijini New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua na watu 146 wakafa, wengi wao wasichana. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ajili ya kuzuia wizi. Mwaka 2012, kule Karachi, kiwanda cha nguo kiliua zaidi ya watu 250, milango imefungwa na madirisha yana nondo. Mlango wa dharura unaweza kufungwa kwa nje na kufunguka kwa ndani kwa kusukuma tu, na ukawekewa kengele inayolia ukifunguliwa. Mwizi atasikika na mama atatoka.

Geti la pili la ghala lina ugonjwa huo huo: mnyororo, kufuli lililoshika kutu kwa hewa ya bahari, na ufunguo nyumbani kwa meneja. Tena nje yake, kwa kuwa halitumiki, ndipo lori la kwanza lilipopaki.

Nani anawajibika

Hapa ndipo mambo yanapofungana. Ndani ya ukuta ni mali ya mwenye ghala au kiwanda. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 inalipatia jeshi hilo mamlaka ya kukagua usalama wa moto, na kuna cheti chake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri alinde watu walio kazini. Barabara ya nje inaweza kuwa ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, au ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Utaratibu wa magari barabarani ni wa polisi wa usalama barabarani. Lori ni la msafirishaji, mzigo ni wa chama au wa mnunuzi.

Ukikusanya wote hao, kila mmoja ana kipande cha kweli cha kusema kwamba lile lori si lake. Kwa maoni yangu mzigo umwangukie yule anayefaidika na geti. Lori halikuja Mtwara kutembea, limekuja kwenye ghala lako. Aliyelivuta ndiye atafute pa kuliweka, akakodi hata kiwanja, akazungumza na halmashauri na polisi mwezi wa nane, kabla foleni haijaanza.

Kwetu hatukubadilika siku moja. Baada ya moto tulichora mistari ya njano barabarani, mizuri kweli. Ilidumu wiki mbili, mpaka malori yalipozidi, ikakanyagwa na kufutika. Kilichosaidia kilikuja Septemba ya mwaka uliofuata, tulipowaomba askari wa zimamoto waje na gari lao lenyewe, bila moto. Dereva alilizungusha ghala zima taratibu huku mimi natembea mbele na tepu. Kona ya nyuma hakuweza kukata, tangi la maji lilikuwa limewekwa pale pale. Tukajaribu pia mpira wao kwenye koki ya tangi letu la lita 5,000. Midomo haikuingiliana. Miaka yote tulikuwa tukilihesabu tangi lile kuwa maji ya zimamoto.

Tangi likahamishwa, koki ikabadilishwa. Mlinzi wa zamu, mzee mmoja mtaratibu, akapewa madaraka ya kukataa lori lolote kusimama kwenye zile mita sita, hata kama mwenye lori ni rafiki wa meneja. Kibandani kwake tukapigilia ubao wenye misumari, na kila lori linalolala kwenye uwanja wetu linaacha ufunguo. Madereva walihofia dizeli yao kuibwa, kwa hiyo mzee anapima tangi kwa kijiti mbele ya dereva na kuandika kwenye daftari, wote wawili wanatia saini.

Msimu ule lori moja liliingia saa tano usiku kutoka Newala, dereva amechoka, anataka kulala hapo hapo getini. "Shikamoo mzee, niache tu mpaka alfajiri." Mzee akaitikia salamu, akamwonyesha uwanja kwa tochi. Dereva akanung'unika, akarudisha lori nyuma, akalipanga kichwa kikitazama njia. Akaleta ufunguo. Mzee akaandika namba ya lori kwa chaki, akautundika msumarini, akarudi kwenye kiti chake.